Jinsi Mwene Alivyomshinda Mkwe

Mchezo wangu mbaya kuliko yote ndio ulioshika nafasi ya kwanza. Nasema hivyo bila kinyongo, maana niliuandika mwenyewe na nakumbuka jinsi nilivyosinzia nikiuandika.

Ilikuwa miaka ya mwishomwisho ya Mwingereza, nami nilikuwa karani bomani Sumbawanga. Bwana Maendeleo, Mzungu aliyeletwa kutufundisha kuendelea, aligundua kwamba naweza kuandika watu wakizungumza. Akaniagiza mchezo mmoja kila mwezi, uchezwe Jumamosi katika ukumbi wa ustawi, na kila mchezo uwe na somo: choo, matuta, maji ya kuchemsha, ubaya wa pombe. Kwa wengi wetu pombe ya ulezi ilikuwa na ubaya asubuhi tu, lakini kuhusu hilo sikuulizwa.

Mchezaji wangu hodari alikuwa fundi cherehani aliyeshona barazani kwa tajiri mmoja wa malori. Alikuwa mtu wa Kasanga, huko chini ziwani, mwembamba, mwenye uso usiotulia. Kwa ajili yake niliandika mchezo mmoja usio na somo lolote, nikamdanganya Bwana Maendeleo kwamba unahusu adabu za nyumbani.

Mchezo wenyewe ni huu. Mkwe ametembea kutoka Matai hadi ukweni, njaa inamuuma, na mila inamkataza kula mbele ya mama mkwe. Akikuta chungu hakina mwenyewe, anamega ugali wa moto na kuutia katika mfuko wa koti. Papo hapo mama mkwe anaingia. Salamu za Ufipa hazina njia ya mkato, kwa hiyo mkwe anachuchumaa na kuitika huku ugali ukimchoma paja.

“Mbuzi hawajambo?”

“Ha… ha… hawajambo, mama!”

“Hata yule mweusi?”

“Yule ndiye anayeniunguza, mama!”

Watu waliegemeana. Mama mmoja wa Milanzi ilibidi atolewe nje apate hewa.

Kisha ikaja habari kwamba watu wa sinema wanatoka Dar es Salaam kupiga picha mchezo wetu mmoja, ule unaopendwa kuliko yote, nao utatembezwa kwa gari la sinema hadi ziwani. Fundi alikuja ofisini kwangu na sindano ingali imechomekwa kwenye shati.

“Karani, mama yangu ni mgonjwa wa mguu, mlima huu hawezi kuupanda. Kila mwaka namwambia, mama, mji mzima unanicheka. Unajua ananijibu nini? ‘Hata hapa walikuwa wanakucheka.’ Nataka aone.”

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nani angeweza kumshinda?

Bwana Maendeleo aliamua kupima mapenzi ya watu kwa makofi. Aliagiza michezo yote irudiwe, naye akakaa nyuma ya ukumbi na saa mkononi, akipima makofi ya kila mchezo yalivyodumu. Baadaye akabandika matokeo kwenye mlango wa boma. Wa kwanza: Mwene Akagua Matuta. Wa pili: Choo, ambamo tarishi wa mwene hupita mara mbili. Wa mwisho kabisa: Mkwe.

Mtoto yeyote wa Ufipa angeweza kumweleza. Kwetu mwene, yaani mtawala wa jadi, husalimiwa kwa kuchuchumaa na kupiga makofi. Mwene wangu wa mchezoni alikuwa mkalimani wa boma, mwenye kitambi cha kufaa cheo hicho, na kwa kuwa sikujua nimfanyie nini, nilimwingiza na kumtoa, nikamwingiza tena. Kila akiingia, ukumbi mzima ulichuchumaa kumpigia makofi, maana mwene wa kweli alikuwa ameketi mstari wa mbele, akigeuza shingo kuona ni mikono ya nani iliyolala. Lakini kwenye mchezo wa mkwe, mkono mmoja ulikuwa mdomoni na wa pili mbavuni. Nani alikuwa na mkono wa tatu?

Nilimweleza Bwana Maendeleo haya yote kwa utaratibu.

“Kwa hiyo, karani, watu wako hupiga makofi hata wasipopenda?”

“Hupiga kwa heshima, bwana.”

“Na mtu humheshimu asiyempenda?”

Nilimtazama, nikajibu, “Kila siku, bwana.”

Hakuelewa, au alielewa vizuri sana. Matokeo yalibaki mlangoni.

Fundi aliyasoma, akanigeukia. “Basi niandike mimi niwe mwene.”

“Utapata wapi kitambi?”

“Nitakishona.”

Mkalimani hakukubali kuachia kanzu ya mwene. Nilichoweza ni kumpachika fundi nyuma yake kama mbeba kigoda, bila neno hata moja la kusema.

Picha ikapigwa hivyo, na gari la sinema liliposhuka Kasanga, nilipanda nyuma pamoja na fundi, Bwana Maendeleo akiwa mbele kwa dereva. Mama yake aliletwa ufukweni amebebwa na vijana, akawekwa mbele kabisa. Mwene akatokea kwenye shuka jeupe, mkubwa kama nyumba. Kimya. Akatoka, akaingia tena. Kimya. Bwana Maendeleo akamtuma dereva atazame kama kipaza sauti kimeharibika.

“Mbona hampigi makofi?” akamuuliza mvuvi mmoja.

“Nimsalimie kivuli, bwana? Ataitika?”

Mama naye alikuwa ameinama mbele, akitafuta. “Wewe uko wapi?”

“Yule, mama. Mwenye kigoda.”

“Naona kigoda.”

Picha ikaisha hivyo. Taa ya mashine ilikuwa bado inamulika shuka tupu fundi aliponyanyuka, akasimama katikati ya mwanga, akachuchumaa mbele ya mama yake na kushika mfuko wa koti kana kwamba umejaa makaa. Hakuniuliza. Niliingia upande wa pili, nikajifunga khanga ya kuazima, nikawa mama mkwe. Tulipofika kwa yule mbuzi mweusi, wavuvi walikuwa wamelala mchangani kwa kucheka. Bwana Maendeleo alimwamuru dereva azime taa, tukamalizia gizani, kwa sauti tu, na kicheko hakikupungua.

Mama alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

“Haya ndiyo serikali inakulipa uyafanye?”

“Hapana, mama. Wamenilipa kubeba kigoda.”

“Basi chukua fedha yao,” akasema, “na kigoda wakibebe wenyewe.”