Kwa Nini Unaitwa Ryoba

Mwanangu, wiki uliyozaliwa nilikosa usingizi kwa sababu ya swali moja: nikupe jina la kaka yangu, au nisikupe? Ukikua utanicheka, lakini ndivyo nilivyo. Hata kuchagua shati la kwendea usaili hunimalizia asubuhi nzima.

Kaka yangu Ryoba alikuwa mwanajeshi. Alipelekwa Kongo kulinda amani, na huko waasi wakakizingira kijiji kilichojaa wakimbizi. Alifia langoni, kijana asiye na mke wala mtoto. Kwetu jina la marehemu hupewa mtoto wa ndugu ili lisipotee, na zamu ilikuwa yangu. Nikaogopa. Je, kama jina la aliyeuawa kwa risasi litakuja kwako pamoja na bahati yake?

Nakumbuka mchana ule hapa nyumbani Nyansurura, wilayani Serengeti. Majirani wamekuja kukuona, bibi yako anapepeta ulezi uani. Shangazi yako Robi akapaza sauti kutoka jikoni:

"Msomi! Bado unafanya utafiti? Mtoto ataota meno tunamwita 'huyu'!"

Wote wakacheka. Nikamwambia mama kwamba nafikiria Daniel, au Baraka, majina mepesi tu. Mama akaweka ungo chini.

"We mura, kijana wangu, umesahau aliyotuambia askari mwenzake kaka yako siku ile alipotuletea begi lake?"

Sikuwa nimesahau. Askari yule alituambia kwamba Ryoba alikuwa akitetemeka tangu mapigano yaanze, huku akitania kuwa bunduki yake ina malaria. Alipoamriwa arudi nyuma alijibu kwamba watoto bado wanapita kukimbilia ndani. Akakaa pale pale langoni. Msaada ulipofika yeye alikuwa ameshakufa, lakini waasi hawakuwa wameingia. Kijiji kilipona!

"Na kina mama wa kule walifanya nini?" mama akauliza.

"Waliwaita watoto wao Ryoba."

"Watu wasiojua hata Serengeti iko upande gani! Wewe uliyenyonya naye titi moja ndiye unayelikimbia? Risasi ilimuua mwanangu. Jina lake haikuligusa."

Niliingia ndani. Mama yako, aliyekwisha kuchoka kuningoja, akakuweka mikononi mwangu. Nikatoka nawe uani, nikatamka kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo: "Huyu ni Ryoba!"

Robi akaachia vigelegele mpaka ng'ombe wakageuka zizini. Mama akakupokea, akakuambia, "Karibu nyumbani, mwanangu."

Basi shika neno hili. Hofu itakujia, maana wewe ni damu yangu. Usisubiri iishe ndipo utende lililo jema. Tenda ukiwa nayo. Wala usidhani jina hili linakudai kifo. Linakutaka usiwape kisogo watu wanaokutegemea.

Mungu akukuze, Ryoba. Uoe, uzae, uote mvi, uzeeke na uzee ule ambao baba yako mkubwa hakuufikia.