Kuku wa Shosho na Jirani Mwalimu

Juzi nilimwita fundi aje anijengee banda la kuku nyuma ya nyumba, hapa Kinoo. Alizunguka ua mara mbili, akapima kwa hatua, akachungulia kwa jirani juu ya ukuta, halafu akaniuliza bila hata kunitazama:

"Mama, tuambiane ukweli. Unaogopa mnyama ama unaogopa mtu? Sababu banda ya mnyama ni waya, lakini banda ya mtu ni kufuli."

Nilisimama pale na kikombe changu cha chai. Fundi alidhani sijamsikia, akarudia. Kumbe mwenzake nilikuwa nimeshatoka Kinoo zamani. Nilikuwa Woodley, mtaa wa Nairobi nilikokulia, na miaka tisa, nimesimama mbele ya Shosho, nyanya yangu, aliyefunga mikono kifuani, ananiuliza karibu swali hilohilo.

Sijui wewe rafiki yangu ulilelewa na nani, lakini mimi nililelewa na mtu wa kushuku. Shosho alishuku kila kitu. Muuza maziwa alishukiwa kutia maji. Daktari alishukiwa kwamba hakusoma vizuri. Hata mvua ikianza kunyesha, Shosho aliitazama kwanza kwa jicho la pembeni kabla ya kuniambia nianue nguo. Alipenda vitu viwili tu duniani bila masharti, kanisa lake na kuku wake, na kuku nadhani walikuwa mbele kidogo.

Walikuwa wa kienyeji, kumi na mmoja na jogoo wao, na kila mmoja alikuwa na tabia yake. Kulikuwa na mweusi aliyependa kuingia jikoni kama mwenye nyumba. Kulikuwa na wa madoadoa aliyetaga mahali popote isipokuwa kwenye kiota. Asubuhi nilikuwa naamshwa na sauti ya Shosho akiwaita, kru kru kru, na mahindi yakidondoka kwenye sinia la bati. Harufu ya banda lile, mavi na vumbi na maranda yenye unyevu, ningeitambua hata leo nikiwa nimefungwa macho.

Mtu mmoja tu ndiye ambaye Shosho hakuwa amemshuku mpaka wakati ule, naye ni jirani yetu wa ng'ambo ya ua wa kayaba, ile miti ya miiba. Alikuwa mwalimu wa madrasa, mtu wa Pwani, mrefu, mwenye kanzu iliyonyooka hata siku ya upepo. Sisi watu wa kanisa, wao watu wa msikiti, lakini kulikuwa na mpango ambao sijui ulianza lini. Kuku yeyote wa sherehe kwetu alichinjwa na Mwalimu. Alikuja na kisu chake kimefungwa kwenye gazeti, akaelekea kibla, akasema bismillahi, na kazi ikaisha kabla kuku hajajua kilichompata. Mchana nyumba zote mbili zilikula sufuria moja. Mkewe, ambaye sisi watoto tulimwita Bi Mwalimu, alileta mahamri yanayonukia iliki, na binti yao, rafiki yangu, alikaa karibu nami tukigombania firigisi.

Sasa, kazi yangu ilikuwa moja. Adhana ya magharibi ikisikika kutoka upande wa Kibera, niwe nimefunga banda. Mlango ulikuwa kipande cha bati, na cha kukizuia kilikuwa jiwe kubwa la kusukuma kwa mikono miwili. Nililichukia jiwe lile. Chini yake kulikuwa na konokono na wadudu wenye miguu mingi, na adhana siku zote ilitukuta katikati ya mchezo wa kati, tukirushiana mpira wa karatasi za nailoni. Rafiki yangu alikimbia kwao kuswali. Mimi nilikimbia bandani, nikaegemeza bati hivihivi, nikarudi ndani kunawa miguu. Jiwe nililiacha lilipo. Nani angejua?

Asubuhi moja nikalikuta bati limelala chini. Kuku wa madoadoa hayupo. Kulikuwa na manyoya mlangoni, mengi, na tone la damu kwenye maranda. Shosho alikuwa bado anasali chumbani. Nilisimamisha bati, nikasukuma jiwe mahali pake, nikafagia manyoya yote na kwenda kuyatupa kwenye shimo la takataka.

Sikufikiria, unajua. Shimo lile tulilitumia sisi na kina Mwalimu.

Shosho aliyapata manyoya kabla ya saa nne. Aliyaokota moja moja, akayapanga kwenye kanga yake, akaniita.

"Wee, kuja hapa. Jana ulifunga banda?"

"Nilifunga, Shosho."

"Na jiwe?"

"Na jiwe."

Alikunja mikono kifuani. Akatazama shimo, akatazama ua wa kayaba, akatazama moshi uliokuwa ukitoka jikoni kwa jirani. "Basi mnyama hawezi sukuma jiwe," akasema polepole. "Na mnyama hawezi beba manyoya akatupa kwa shimo. Huyo ni mtu. Ni mtu kuku yangu inajua, ndio maana haikupiga kelele."

Ningesema wakati ule, mambo yangeishia pale. Ningechapwa, ningelala bila kula, yangekwisha. Nilinyamaza. Na usidhani nilijirekebisha hapo hapo, la, nilikuwa mvivu na mwoga kwa pamoja. Katika majuma mawili mweusi wa jikoni naye akatoweka, kisha mwingine, na manyoya yao nikayazika chini ya migomba, maana sasa nilikuwa nimeerevuka.

Nyumba ikabadilika. Shosho alihamisha kigoda chake kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, akawa anachambua mboga huku macho yakiwa kwa jirani. Mwalimu akipita na kusema, "Mama, hujambo?" Shosho alijibu, "Tuko tu," na kuangalia mikono ya mwenzake kama imebeba kitu. Mwalimu akikohoa kwao, Shosho alinitazama kana kwamba nami nimesikia ushahidi. Ijumaa moja alinipa limau nipeleke kwa Bi Mwalimu, akaninong'oneza, "Ukae huko kidogo. Urudi uniambie wamepika nini."

Nilikaa. Bi Mwalimu alinipakulia sahani, akaniambia, "Kula mwanangu, usione haya." Alikuwa kuku wa kupaka, mwenye tui zito na ndimu, kitu kitamu kuliko chote nilichowahi kula. Nilirudi nyumbani nikijilamba vidole na kusema ukweli, ule mmoja tu niliosema mwezi ule: wamepika kuku. Shosho alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Kwamba soko la Toi liko hatua chache na kila mtu hununua kuku pale, hilo hakutaka kulisikia.

Baada ya hapo hofu ilinishika kweli. Nikaanza kuweka jiwe kila jioni, na kuku wakaacha kupotea. Nilidhani hiyo ndiyo itakuwa dawa. Wacha! Shosho alisema, "Unaona? Amejua tunamchunga, ameacha."

Siku ya Krismasi Mwalimu alikuja saa tatu asubuhi na kisu chake kwenye gazeti, kama miaka yote. Alimkuta mjomba wangu uani, jogoo ameshachinjwa, yuko kwenye ndoo ya maji moto ananyonyolewa. Mwalimu alisimama pale. Alitazama ndoo, akamtazama Shosho, na Shosho akainama kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

"Ah," Mwalimu akasema. "Mmeshamaliza."

"Mwaka huu tumejifanyia," Shosho akajibu.

Alitutakia sikukuu njema, akarudi kwake. Mchana hakuja. Bi Mwalimu alikuja, kwa adabu yake, na sinia la mahamri na binti yake. Waliketi mkekani. Rafiki yangu alipenyeza mkono kwenye sufuria kutafuta firigisi yetu, na mama yake akamshika kiganja, taratibu, bila neno, akakirudisha pajani. "Sisi tumeshiba, tumekula nyumbani," akasema. Wakanywa chai na mahamri yao wenyewe. Nami nilikula ile firigisi peke yangu, rafiki yangu akinitazama. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena, na bado sikusema kitu.

Siku chache baadaye, mchana kweupe, Shosho alikuwa mlango wa nyuma akimenya minji. Nguchiro alitokea chini ya kayaba, mwembamba, mkia umenyooka, akakimbia hadi kwa vifaranga, akamshika mmoja shingoni na kurudi alikotoka. Akapita mbele ya miguu ya Shosho kana kwamba ndiye mwenye ua. Minji zilimwagika zote.

"Ngai!" Shosho akasema. "Kumbe ni wewe!"

Alikaa pale hadi chai ya saa kumi ikapoa. Shosho hakujua kuomba msamaha. Sikuwahi kumsikia akiomba kwa mtu yeyote. Alichofanya ni kuingia bandani, akamchukua kuku wake aliyetaga vizuri kuliko wote, akambana kwapani, akazunguka ua hadi mlango wa Mwalimu. Nilimfuata nyuma. "Mwalimu," akasema, "nimekuletea huyu unichinjie. Tule." Mwalimu alimtazama kidogo, akaingia ndani kuleta kisu.

Tulikula pamoja siku ile, tukacheka, nikashukuru Mungu kwamba yamekwisha.

Nyumba zile zimebomolewa karibu zote, maghorofa yamepanda hadi kuziba jua. Ua wa kayaba haupo. Kina Mwalimu walirudi Pwani, nami nilimpoteza rafiki yangu hivyo, bila ugomvi wowote. Watu huniambia nina bahati ya kulelewa enzi ambazo majirani walikuwa ndugu. Nawaitikia tu.

Kwa sababu Pasaka iliyofuata Mwalimu alichinja kama kawaida, na mchana Bi Mwalimu akaketi mkekani, akafunua sufuria, akatabasamu, akauliza kwa upole: "Huyu ndiye aliyechinjwa na Mwalimu?" Shosho akasema ndiye. Krismasi akauliza tena. Akauliza kwenye ubatizo wa mdogo wangu, akauliza kila mwaka mpaka walipohama, na kila alipouliza Shosho aliinamisha kichwa na kujibu kwa sauti ndogo. Kabla ya hapo Bi Mwalimu hakuwa ameuliza hata siku moja, na Shosho alizikwa akiamini kwamba ni yeye aliyemfunza kushuku; habari za jiwe sikuwahi kumwambia.