Mikarafuu ya Baba, Ardhi ya Ami

Ami yangu, kaka mkubwa wa marehemu baba, alikuwa na desturi ya kuizuru mikarafuu yetu asubuhi. Alitoka mjini na gari la shamba, akateremka njia panda ya Dole, akaja na fimbo yake na kofia yake safi, akapita chini ya kila mti akiangalia juu. Akiulizwa anatafuta nini, hujibu, "Naja kuijulia hali." Nilimchukia mtu yule. Nasema mapema ili msomaji asikae akingoja tupatane.

Kwetu Unguja mtu aweza kumiliki mti asimiliki ardhi uliposimama. Baba aliipanda mikarafuu ile katika ardhi ya kaka yake, zamani, walipokuwa wangali wakila sinia moja. Desturi ikasema mti ni wa aliyeupanda, na baada yake ni wa warithi wake, na ardhi inabaki kwa mwenyewe. Mti ukiwa na jani moja bichi, ni wako. Mti ukifa, au ukiukata kwa mkono wako, nafasi yake inarudi kwa mwenye ardhi, na huwezi kupanda mwengine ila kwa idhini yake. Kwa hiyo ami hakuwa na haja ya kugombana na sisi. Alihitaji miti ife tu.

Miti hiyo ndiyo iliyonipeleka chuo kikuu huko bara, katika miaka ya hamsini, kwa meli kutoka Malindi yetu ya Unguja hadi Mombasa na kisha kwa treni iliyonijaza vumbi mpaka masikioni. Nilisoma kilimo na biashara kwa pamoja, jambo lililowaudhi walimu wa pande zote mbili. Yule wa kilimo, Mwingereza mwenye shingo nyekundu, aliniona mchuuzi aliyepotea njia. Yule wa biashara alivitazama viatu vyangu kila nilipoingia darasani, kana kwamba nimemletea samadi. Wanafunzi wenzangu waliniita Dukashamba. Nilivumilia kwa sababu niliona watu wetu wanajua kupanda karafuu lakini bei wanapangiwa, na wanaopanga bei hawajui hata mti unavyougua. Nilitaka awepo mtu mmoja anayejua yote mawili. Bado naamini hivyo, ingawa siku hizi nasema kwa sauti ndogo.

"Mshika mawili moja humponyoka," ami aliniambia siku niliyokwenda kumuaga, barazani kwake Malindi, mbele ya wanywa kahawa wenzake. Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Nilimbusu mkono kama ipasavyo, nikaenda zangu bandarini nikiwa nimekunja ngumi mfukoni.

Likizo ndefu ya mwaka wa pili nilirudi nikakuta safu ya bondeni inakufa. Majani yalikuwa yamegeuka manjano kuanzia kileleni, yanapukutika hata bila upepo, na matawi ya juu yamebaki mikono mitupu. Ugonjwa huo ulikuwa unatembea kisiwani, na watu walikuwa wameshausomea dua na kuufukizia ubani. Ami naye sasa alikuja karibu kila siku. Alipapasa magome kwa kiganja, akatikisa kichwa, akaniambia kwa upole wa kutia kichefuchefu kwamba maradhi haya hayana dawa, na kwamba tustahamili. Yeye alikuwa anastahamili vizuri sana.

Darasani nilifundishwa kuwa mti ukishikwa na ugonjwa kama ule haungojwi. Unaukata, unang'oa kisiki, unachoma pale pale, la sivyo unaambukiza ulio jirani. Katika darasa la pili, chumba cha pili tu kutoka hapo, nilifundishwa kuwa mali haiachiwi mpaka badali yake iwe mkononi. Bonde lile halikuwa na nafasi ya madarasa mawili. Nikikata, nampa ami nusu ya alichokuwa akikingoja. Nisipokata, ugonjwa utapanda hadi safu ya juu, na safu ya juu ikienda, chuo kimekwisha, na mama, aliyekuwa hana pato jengine, atakula kwa mkono wa ami mpaka afe.

Mama alikuwa mkali kuliko mimi. Nilimwambia jikoni, naye anakuna nazi, na hakuinua uso.

"Mti wa baba'ako haukatwi ungali na jani."

"Nikingoja jani lianguke, mama, na ile ya juu itakufa."

"Ikifa itakufa kwa amri ya Mungu. Si kwa shoka lako."

"Na utakula nini?"

"Nlikuwa nnakula kabla hujajua kusoma."

Kwa siku kadhaa aliniwekea sahani ya chakula kwa kishindo, akaondoka. Niliwaza kwamba baba, lau angelikuwa hai, angelinielewa, halafu nikakumbuka kwamba ni yeye aliyepanda mali yake yote katika ardhi ya mtu mwengine kwa sababu huyo mtu alikuwa ndugu yake. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini baba alikufa hajaifunua nguo.

Nikaenda mjini kwa ami. Nilikuwa nimelipanga la kusema njia nzima. Nilimkuta barazani na kikombe chake, na wale wale wa kucheka wamekaa pale pale.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, msomi. Miti haijambo?"

"Nataka kuikata ile ya bondeni, ami, ili ya juu ipone. Naomba idhini ya kupanda mengine badala yake. Nipe hata pale kwenye mawe, popote."

Alikunywa kahawa taratibu, akaifuta midomo.

"Mti wako, ardhi yangu. Ukitaka kukata, nani kakushika mkono?"

"Naomba idhini ya kupanda."

"Idhini nlimpa baba'ako. Idhini hairithiwi."

"Yote ikifa utafurahi, ami?"

"Ntasikitika sana," alisema. "Ntapanda minazi kwa masikitiko."

Kicheko kilinisindikiza mpaka kona ya mtaa. Kama wangenyamaza, pengine ningerudi shamba nikaendelea kungoja na mama. Nilipita sokoni Darajani nikanunua shoka.

Siku ya kukata niliwaita majirani wawe mashahidi. Mtu aliyekuwa akiingoja nafasi ya miti yako kwa midomo ya huruma anaweza kesho kuiangusha hata ile ya safu ya juu, akadai kwamba uliikata wewe, na mimi nilitaka wawepo wanaojua nilipoanzia na nilipoishia. Watu wawili wenye mashoka walinisaidia. Mti wa kwanza ulipolala, harufu ya karafuu ilitoka kwenye majani machache yaliyobaki, kali, na mmoja wa majirani akageuza uso. Ule ulikuwa mti ambao baba alinifundishia kupanda, mguu wangu kwenye bega lake. Niliendelea kukata na machozi yananitoka, na nilikuwa na hasira kwa sababu watu wanayaona.

Ndipo mama akatoka nyumbani. Nilidhani anakuja kunizuia. Alinipita bila ya kunitazama, akapanda hadi safu ya juu, akatandika mkeka chini ya mti wa kwanza, akakaa, mgongo kauegemeza shinani, na panga la kuchanjia kuni mapajani mwake. Alikaa hapo mpaka tulipokwisha kukata na kuchoma. Hakuna shoka lililopita mkeka ule, na hakuna shahidi aliyesahau ulipotandikwa.

Moto haujazimika ami alipofika. Alikuja na mtoto wake mkubwa na vibarua wenye miche ya minazi mabegani, kwa hiyo mtu fulani alikuwa amekwenda kumpa habari, au miche ilikuwa tayari tangu zamani. Walianza kuchimba pembeni mwa majivu.

"Ardhi bado ya moto, ami," nikamwambia.

"Itapoa," akasema.

Chuoni niliyaandika yote kama kazi yangu ya mwaka, maana walitaka kazi kutoka shamba la kweli. Mwalimu wa kilimo aliuliza mbele ya darasa kwa nini nilichelewa kukata. Mwalimu wa biashara aliuliza kwa nini nilitoa mali bure. Nilijaribu kueleza habari ya jani moja bichi, na wote wawili, kila mmoja kwa siku yake, walinambia haiwezekani mtu kumiliki mti bila ya ardhi. Ningewapeleka kwa ami wakamwambie yeye.

Safu ya juu ilipona. Ilizaa msimu ule na ule uliofuata, na kwa karafuu hizo nikamaliza masomo. Mama hakuwahi kusema kwamba nilifanya sawa. Alichosema, siku niliyorudi na shahada, ni kwamba nimekonda, na kwamba matawi ya mwisho yamezidi urefu yanahitaji ngazi mpya.

Ami hakuacha kuja. Minazi yake ya bondeni ilikuwa inapanda vizuri, lakini alipita katikati yake bila ya kuiangalia, akaja moja kwa moja juu kwetu. Mwanzo alikuja na fimbo. Baadaye alikuja ameshikwa mkono na yule mtoto wake mkubwa, binamu yangu, anapumzika kila baada ya miti miwili, anapumua kwa shida, na bado anainua uso kutafuta jani la manjano. Hakuliona. Alikufa kabla ya mikarafuu.

Tulimzika. Nililichukua jeneza kwa bega langu kwa sababu ni haki yake juu yangu, na nilitia udongo kama wengine. Watu walinisifu kwa utulivu. Mwenye kovu usidhani kapoa. Nilikuwa nahesabu moyoni kwamba sasa, angalau, asubuhi zitakuwa zetu.

Baada ya hitima nilirudi shamba, nikalala usingizi mzuri. Asubuhi nilipotoka kutia udhu nilimuona mtu chini ya safu ya juu, mikono nyuma, kofia safi kichwani, anaangalia matawi. Alikuwa binamu yangu. Tumekua pamoja, tumefundishwa Kurani ubao mmoja.

"Unatafuta nini?" nikamuuliza.

"Naja kuijulia hali," akasema.

Mama alikuwa mlangoni na alisikia. Aliingia ndani, na alipotoka alikuwa ameshika mkeka na lile panga.