Pingu za Wodi ya Uzazi

Katika gereza la wanawake nililofanyia kazi hapa Kampala kulikuwa na imani moja iliyoshikwa kuliko dini: kwamba mwanamke mwenye mimba ya miezi tisa ni mkimbiaji hatari. Mwanamume aliyevunja duka la watu alipelekwa kortini kwa pingu za mikononi tu. Lakini mama anayetembea ameshika kiuno, akihema kila hatua, huyo ilibidi afungwe mguu. Nani ajuaye? Huenda katikati ya uchungu akaruka dirisha.

Mimi nilikuwa askari jela, mwanamke. Baba yangu alikuwa mwanajeshi kutoka kaskazini, nikazaliwa kambini, na kwetu sare ilirithiwa kama watu wengine wanavyorithi shamba. Kiswahili changu kilikuwa kile cha kambini, cha amri na matusi. Aliyekinyoosha alikuwa mfungwa, na ndiye ninayetaka kumsimulia.

Alikuwa mwanamke Mkenya, mlokole, mwenye duka la jumla la mafuta ya kupikia kule Kisenyi. Mshirika wake, mwanamume, alileta shehena ya madumu ambayo baadaye ilisemekana ni ya wizi. Polisi walipofika, mshirika alipitia mlango wa nyuma akakimbia vizuri sana, na mpaka leo hajaonekana. Yeye alibaki dukani akijaribu kuwaeleza. Basi aliyekimbia akawa mtu huru, na aliyebaki akaletwa kwetu tumlinde asije akakimbia.

Aliletwa mimba ikiwa changa. Serikali ilimpa sare, kipande cha sabuni na mawaidha. Wenzake wasio na mimba walipoingia mwezini walichana godoro wapate kitambaa, kisha wakaadhibiwa kwa kuharibu godoro. Mumewe alikuja kumwona mara moja, akatazama huku na huku kama mtu aliyekosea ofisi, akaondoka. Sikushangaa. Jumapili, kwenye gereza la wanaume la jirani, wake za watu walipanga foleni tangu asubuhi na vyakula vya moto. Kwetu walikuja mama wazazi na dada. Waume walikuwa na shughuli nyingi, hasa ya kuoa tena.

Mchana nilipokuwa zamu tulizungumza. Nikisema "watu ingine," alinirekebisha taratibu, "Watu wengine, afande," kama mwalimu asiyetaka kumwaibisha mtoto wa mkubwa.

Uchungu ulimwanza asubuhi moja, baada ya uji. Gari la gereza lilikuwa limekwenda kuchukua kuni, na kuni zina umuhimu wake, kwa hiyo tulingoja. Liliporudi tulipanda watatu, yeye, mimi na sajini mmoja mzee aliyepewa dhamana ya pingu. Pale sokoni Kalerwe tulikwama kati ya malori ya kabichi na ya matooke, zile ndizi za kupika. Sajini alichukua nafasi hiyo kununua ndizi mbivu kupitia dirishani. Mfungwa alikuwa ameuma pindo la kanga.

Hospitalini sajini alimfunga mguu wa kulia kwenye chuma cha kitanda, akajaribu kufuli mara mbili kwa uangalifu ambao sijawahi kumwona nao kazini, akatia ufunguo mfukoni. Alisema anatoka kidogo kula. Kwa sajini, kidogo ni neno pana.

Mkunga alipokuja alikuwa mwanamke mnene, Mganda, mwenye sauti ya chini. Aliinua shuka akaona mnyororo. Akaniangalia mimi, si mnyororo.

"Afande, ondoa hii."

Nilimweleza kuwa ufunguo hauko kwangu. Akaniuliza huyu mama akikimbia sasa hivi atafika wapi. Nikasema hizo ni taratibu. Nilipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu, nikaona lilivyonikaa kama kofia ya mtu mwingine.

Nilimpigia sajini, simu ilikuwa imezimwa. Nikapiga ofisini. Mkubwa wetu alinisikiliza vizuri, kisha akasema ufunguo una mwenyewe aliyeutilia sahihi, na hakuna mtu mwingine awezaye kufungua. Nikamwambia mtoto anakuja.

"Mwambie asubiri," alisema.

Sikujua kama alimaanisha mama au mtoto, lakini niliufikisha ujumbe kwa wote wawili. Mkunga alicheka kidogo, cheko lisilo na furaha. Akajaribu kumlaza mama kwa ubavu, mnyororo ukavuta, kifundo cha mguu kikaanza kuchubuka. Akasema mtoto amekaa vibaya, ni lazima mama akunje miguu yote miwili, na kwamba yeye amezalisha wanawake miaka mingi lakini kitanda bado hajakizalisha.

Mfungwa akanishika mkono wa sare. "Afande," alisema, "mtoto wangu hana kesi."

Nilitoka. Ndiyo, nilimwacha mfungwa hatari bila mlinzi, kosa ambalo adhabu yake naijua kwa moyo. Nilipanda boda mpaka Kisenyi, kwenye gereji ya Msomali mmoja ambaye siku za nyuma alitutengenezea magari. Alikuwa chini ya gari. Alipotoka na kuona sare alifuta mikono pole pole, kama mtu anayepanga majibu. Nikamwambia nahitaji mkasi wake mkubwa wa chuma, na mtu wa kuutumia.

"Wa kukata nini?"

"Pingu."

"Afande, pingu ni zako. Mimi nikikata, kesho utanifunga na zipi?"

Nikamweleza yote, hata zile ndizi mbivu. Alichukua mkasi, akaufunga kwenye gunia, akapanda nyuma yangu kwenye boda.

Wodini wanaume hawakuruhusiwa, isipokuwa wenye sare kama sajini. Mkunga alimfunika mama kwa shuka na kitenge, ukabaki mguu tu. Fundi aliingia uso ukielekea ukutani, akainama bila kugeuka, akatafuta mnyororo kwa vidole. Ulikatika kwa mlio mdogo, nami nilikuwa nimetegemea kishindo. Akasema maneno ya dua kwa sauti ya chini, akatoka na gunia lake kwa njia ile ile aliyoingilia. Aliniomba jambo moja tu, kwamba nisimjue.

Mtoto alizaliwa muda si mrefu baadaye, msichana, kamba ya kitovu imemzunguka shingoni. Kwa kitambo hakulia. Mkunga alimpangusa, akamsugua mgongo, akamsemesha kwa Luganda kama anayemgombeza, na ndipo akalia. Mama aliuliza mara tatu kama ana vidole vyote. Nilihesabu mimi, machozi yakinitoka ndani ya sare ya serikali, jambo ambalo nadhani pia lina adhabu yake.

Sajini alirudi alasiri akinuka nyama choma. Alimtazama mama, akamtazama mtoto, kisha akauliza swali lililomleta.

"Pingu za serikali ziko wapi?"

Nikamwonyesha vipande viwili, kimoja mguuni, kingine kitandani. Alivifungua kwa ufunguo wake, akavigeuza mkononi kwa huzuni ya kweli.

Kamati iliundwa upesi. Gereza letu lilikuwa na uwezo huo, daktari anachelewa lakini kamati haichelewi. Walikuwa wanaume watupu, mmoja wao baba wa watoto saba. Yeye ndiye aliyeniuliza kama kuzaa kule kusingeweza kucheleweshwa kidogo. Nilimjibu kwamba mzee angemuuliza mke wake. Hilo liliingizwa kwenye shtaka langu kama utovu wa nidhamu, na nadhani walikuwa na haki. Waliniuliza pia aliyekata ni nani. Nikasema wakati wa kukata sikumwona uso, na hiyo ilikuwa kweli tupu.

Nilipewa onyo na kuhamishiwa langoni, kusimama juani na kupekua vikapu vya wageni. Baadaye ilitoka amri mpya. Nilitarajia iseme kwamba wanawake wasifungwe wakizaa. Ilisema ufunguo ubaki na askari wa kike aliyeko wodini. Wenzangu walifurahi, nami pia nilifurahi, kwa sababu kuanzia hapo kila mmoja wetu alifungua mara tu sajini alipopita mlango. Haki iliingia gerezani kwetu kwa njia ya kutokuonekana.

Kesi yake ilikufa mtoto akiwa ameanza kukaa. Mlalamikaji hakuwahi kufika kortini, hakimu akachoka. Siku ya kutoka, stoo ilirudisha gauni lake, lakini viatu havikuonekana. Karani aliuliza kama ana uhakika alikuja na viatu.

Alifika langoni peku, mtoto mgongoni. Nikavua kandambili zangu nilizozoea kuvaa nikivua buti, nikamsukumia kwa mguu.

"Nitakurudishia," alisema.

Nikamwambia asirudi hapa kwa sababu yoyote ile, hata nzuri.

Alizivaa. Zilikuwa kubwa kwake. Akashuka barabarani akiziburura, akasimamisha boda, akapatana bei na dereva wake kwa muda mrefu, kama mfanyabiashara.