Nilibadilisha Namba za Vipande vya Odette

Jina langu sitalitaja, kwa sababu mama yangu na mama yake Odette bado wanasali kanisa moja hapa Kampemba, mtaa wetu wa Lubumbashi. Ila kosa nitalitaja lote. Mimi ndiye niliyeiua kazi ya Odette, na sikuiua kwa bahati mbaya!

Tulianza fizikia mwaka mmoja, wasichana wawili tu darasa zima. Tulipopata kazi ya usaidizi kwenye maabara ya chuo, watu walituita mapacha. Pacha gani! Prof wetu, mkuu wa maabara, akiingia, jicho lake kwa Odette. "Odette iko na mukono muzuri," anasema. Na mimi je, ni wa kuosha vyombo? Nilicheka na wenzangu, moyoni naungua.

Kazi ya Odette ilikuwa hii. Silikoni peke yake haipitishi umeme sawasawa. Ukiitia fosforasi kidogo kidogo, kuna kiwango ambacho ukikivuka, inapitisha umeme kama chuma hata kwenye baridi kali kupita zote. Ukibaki chini ya kiwango hicho, kwenye baridi ile umeme unakatika. Odette alitaka kujua umeme unakufaje ukikikaribia: unashuka polepole au unaporomoka? Wakubwa wa fani wanabishana juu ya jambo hilo mpaka leo.

Hapa Lubumbashi hatukuwa na mashine ya baridi ya namna ile. Kwa hiyo alikata vipande sita vya silikoni hiyo, akaviunga na nyaya nyembamba kama unywele, akavipa namba kufuata wingi wa fosforasi, viende kupimwa Ulaya. Vikipimwa vizuri, maabara ya huko ingempokea kwa masomo ya doktora. Nafasi ilikuwa moja.

Wiki ya kutuma, shangazi yake akafariki. Kwetu mtoto wa kike haachi kilio cha familia akaenda kazini, atasemwa maisha yote. Akanipigia simu.

"Dada, minakuomba, unifungie ile bipande. Mi siwezi kutoka huku, bantu batasema nini?"

"Usiogope, nitafunga."

Nikaviweka mezani. Namba tatu ilikuwa chini kidogo ya kile kiwango, namba nne juu kidogo. Kwenye joto la chumba vinafanana mno, na kipimo chetu kibovu hakiwezi kuvitofautisha. Vinaachana kwenye baridi tu. Wivu una akili, jamani! Nikabandua zile namba mbili, nikazibadilisha. Hata chai yangu haikupoa.

Majibu yakarudi: kipande chenye namba ya fosforasi kidogo kinapitisha umeme, chenye namba ya nyingi umeme wake umekatika. Wale wa Ulaya wakasema hawawezi kuuamini mpangilio wa mtu huyu. Prof akatuita wote wawili, amefura kwa hasira. "Nani alifunga?"

Kabla sijafungua mdomo, Odette akasema, "Ni mi, Prof. Nilifunga mi mwenyewe."

Alinificha! Alidhani nimekosea kwa haraka tu. Nami nikanyamaza. Mungu wangu, nilinyamaza, na hapo ndipo nilipotenda dhambi kubwa kuliko ile ya mezani.

Prof akanipendekeza mimi badala yake, nafasi nikapewa. Siku napanga sanduku, Odette akaja kwetu na koti zito alilojinunulia kwa safari yake.

"Beba hii. Kule baridi iko mingi."

Nikalia, nikamwambia yote. Alikaa kitandani, koti liko magotini.

"Unajua nilimuambia mama nini kule ku kilio?" akaniuliza. "Nilisema, mama, usiogope, ni dada yangu ndio anafunga bipande."

Akachukua koti lake, akatoka.

Kesho yake nilimweleza Prof. Maabara ya Ulaya ilitufungia mlango wote wawili: mimi kwa kubadilisha namba, Odette kwa kusema uongo kwamba alifunga yeye. Mimi nafundisha sekondari huko Ruashi. Odette aliacha fizikia kabisa. Tukikutana baada ya misa ananiambia, "Bonjour, madame." Madame! Afadhali angenitukana.

Wewe unayesoma, wivu humpanda kila mtu, usijidanganye. Lakini ukiwa nao, na mwenzako akakuomba umshikie kazi yake, kataa! Mwambie huwezi. Atakununia siku mbili, basi. Atabaki na kazi yake, na wewe utabaki na mtu.