Fundi Saa Alivyocheka Peke Yake

Fundi Saa ana macho yanayosifiwa hata na wasiomjua. Akishabana kile kioo chake jichoni, huona chembe ya vumbi ndani ya saa ya mkononi na, ukimpa nafasi, atakueleza imetoka kwenye shati la aina gani. Kaka yake hana macho. Presha ya macho iliyachukua alipokuwa na miaka arobaini, kwanza moja, kisha la pili, bila haraka, kama mpangaji anayehama kwa awamu. Tangu hapo ni opereta wa simu hospitalini, na ana sauti nzito hivi kwamba wagonjwa wakipiga humweleza kabisa wanapoumwa.

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Fundi huenda kwa kaka yake wakatazame filamu. Filamu zenyewe ni za lugha ambayo hawaijui wote wawili, ila maandishi hupita chini ya picha. Basi Fundi huyasoma kwa sauti, na pale watu wanapofanya mambo bila kusema, husimulia: sasa kafungua mlango, sasa kaona maiti, sasa anajuta. Shemeji yake huwawekea chai na kwenda zake jikoni. Anasema kumsikiliza Fundi akisimulia mapenzi ni kama kusomewa mkataba wa nyumba.

Lakini mkataba huo Kaka huugeuza. Jumatatu, wakati wa chai, huisimulia filamu ileile katika chumba cha simu, mbele ya dada wa mapokezi, dereva wa gari la wagonjwa na yeyote aliyepita na kikombe. Hapo maneno makavu ya mdogo wake huota nyama. Watu wenye macho mawili mazima huacha kwenda kutazama mpaka wamsikie yeye. Ndiyo heshima aliyobaki nayo, na anaitunza kama wengine wanavyotunza suti.

Jumamosi tunayoizungumzia, filamu ilikuwa ya majasusi, ya kuchekesha. Jasusi mstaafu anarudishwa kazini kumsaka msaliti ndani ya idara yake, na kwa sababu ambazo filamu haikujisumbua kuzieleza, analazimika kwenda na mama mkwe wake. Anayeshukiwa ni mpishi wa idara. Kwa saa nzima Fundi alisoma na kusimulia kama kawaida. Kisha wakafika kwenye harusi hotelini, na kwa dakika kumi hakuna aliyesema neno. Jasusi kajificha chini ya toroli la keki. Mama mkwe anawapiga wabaya kwa mkoba, mmoja baada ya mwingine, huku akiwaomba radhi kwa mkono. Toroli likaanza kuteremka ngazi.

Fundi alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka chai ikamwagika kwenye sahani.

"Nini?" Kaka akauliza.

"Subiri, nitakwambia."

Kaka akasubiri. Alipomsikia mdogo wake akicheka tena, naye akacheka kidogo, kwa adabu, kama mgeni anayecheka mzaha wa familia ya watu. Katikati ya vurugu hizo mkuu wa idara akainua glasi, na Fundi, ambaye saa ndiyo kazi yake, akaona ya mkuu iko mkono wa kulia. Msaliti tangu mwanzo alionyeshwa mkono tu, na mkono huo wenye saa ulikuwa wa kulia. Fundi alipiga goti lake kwa furaha. Hakusema kitu.

Filamu ilipoisha, Kaka akauliza msaliti alikuwa nani. Kumjibu sawasawa kungemlazimu Fundi kurudi nyuma dakika kumi na kukiri kwamba dakika hizo alizitazama peke yake. Aliona aibu. Basi akatafuta njia ya mkato.

"Ni yule yule mpishi," akasema. "Wamemkamata."

Jumatatu Fundi alikuwa juu ya kiti katika chumba cha simu, akirudisha ukutani saa ya ofisi aliyokuwa ameitengeneza. Kaka alimtambulisha kwa wenzake kuwa ni mtu wa saa, basi, kisha akaanza kusimulia. Alisimulia vizuri mno. Alipofika kwa mpishi aliyefungwa pingu, dereva akaweka kikombe chini.

"Mpishi? Opereta, mimi nimeiona jana. Msaliti ni bosi wao. Na ile harusi mbona umeiruka? Ndiyo filamu yenyewe ile."

Dada wa mapokezi akacheka, akajaribu kukimeza kicheko, akashindwa. Fundi alikuwa na msumari mdomoni. Ni kweli kwamba mtu mwenye msumari mdomoni hawezi kusema. Ni kweli vilevile kwamba msumari hutoka.

"Basi nilisinzia," Kaka akasema. "Uzee huo."

Wakacheka wote, yeye pia. Fundi akagonga msumari, akaitundika saa, akaaga kwa sauti ndogo kuliko ya saa yenyewe.

Jumamosi iliyofuata alifika mapema, na filamu ileile mkononi. Shemeji alimwambia kwamba kaka yake hataki filamu leo, anataka redio. Fundi akaketi, akaeleza yote: toroli, mkoba, mkono wa kulia, uongo wa mpishi, msumari. Akasema Jumatatu atakwenda hospitalini awaambie wale watu kosa ni lake.

"Uende?" Kaka akasema. "Nimeshawaambia nilisinzia. Ukienda wewe, nitakuwa kipofu na mwongo. Niache na kimoja."

Kisha, bila hasira: "Ulicheka mara tisa filamu nzima, bwana mdogo. Ukanieleza mbili."

Walitazama filamu upya, redio ikiwa imezimwa. Fundi hakuruka hata ule mkono wa kuomba radhi. Sasa keki inaegemea kushoto. Sasa mama mkwe kainua mkoba. Sasa toroli liko ngazi ya tatu. Ilikuwa kama kusomewa mkataba, na hakuna aliyecheka. Alipotaja saa mkono wa kulia, Kaka aliinua kichwa, akasema, "Ahaa, bosi," akainamisha tena.

Chumba cha simu bado kinasikiliza filamu kila Jumatatu, ila dereva sasa huanza kwa kuuliza kama opereta safari hii alikuwa macho, na wote hucheka, kwani mzaha mzuri hauchakai. Fundi hupita pale Jumatatu moja kila mwezi kukagua saa. Haina kasoro. Hupanda kiti, huifungua, huinamia ndani yake muda mrefu kuliko inavyohitaji, mpaka kicheko kiishe.