Twiga na Madirisha ya Boti

Watu wa karakana ya boti walimwita Twiga kwa sababu hakuna mlango aliopita bila kugonga kichwa, na kila akigonga aliuomba mlango radhi. Alichomelea boti za watu tangu hajaota ndevu hadi ndevu zikaingia mvi. Alipostaafu, badala ya kwenda kupumzika kama watu wenye akili zao, alichukua boti kuukuu ya chuma iliyokuwa inaliwa na kutu nyuma ya karakana, akaikalisha juu ya magogo na kuanza kuiunda upya. Nia yake alimweleza kila mwenye masikio: angepakia godoro, jiko na mke, waende wakitembea majini na kulala popote patakapowapendeza.

Godoro na jiko havikuwa na neno. Mwenye neno alikuwa mke.

Mkewe, mwanamke mfupi mwenye kicheko cha karibu, alikuwa amefanya kazi maisha yake yote katika stoo ya mashuka ya hospitali, chumba cha chini kabisa, ambako taa ikizimika huoni hata mkono wako. Siku Twiga alipomwingiza ndani ya boti kwa mara ya kwanza, alisimama katikati, akatazama kuta za chuma huku na huku, kisha akashuka ngazi bila hata kugeuka.

"Baba watoto, mimi juzi tu nimetoka shimoni. Hilo pipa lako sipandi."

"Nitatoboa madirisha, mke wangu."

"Toboa kwanza. Nikikaa nikaona nje, ndiyo tutazungumza."

Basi Twiga akakosa usingizi kwa raha. Alitafuta fremu za shaba za mviringo kutoka kwenye meli iliyokatwakatwa, akazisugua mpaka ukajiona humo na chunusi zako zote. Alikata maduara ya kadibodi, akayabandika ubavuni mwa boti kwenye mstari mmoja, akarudi nyuma, akafumba jicho, akaenda kusogeza moja upana wa ukucha. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye ndiye mpaka rangi wa boti pale karakana, aliridhika kabisa.

"Hapo umenifurahisha, shemeji. Mimi nitapitisha mstari mwekundu chini yake, boti itakuwa kama imevaa mkanda."

Twiga akayachora maduara yaleyale kwa chaki upande wa ndani, sawa na macho yake, halafu, kabla hajawasha gesi ya kukatia, akamwita mkewe aje ajionee. Mama huyo alipanda na kiti chake na chupa yake ya chai. Akaketi. Akainua shingo kutafuta maduara, akaendelea kuiinua.

"Madirisha yakikaa huko nitaona mawingu," alisema.

"Si ndiyo nje hiyo?"

"Mawingu nayaona hata nikijilaza uani. Mimi nataka kuona watu, baba watoto. Nione nani anapita na kabeba nini."

Twiga alinywea. Siku zote hizo alikuwa anapima kwa macho yake mwenyewe, tena akiwa amesimama, na wala hakuwahi kumuuliza mwenzake angependa kuangalia nini. Alishuka akaketi kwenye ngazi. Kwa mara ya kwanza aliogopa kwamba huyu mama huenda asije kabisa, na bila yeye hata safari yenyewe hakuitaka.

"Mpe kiti kirefu," shemeji alimnong'oneza.

"Nimekusikia!" sauti ilitoka ndani ya chuma. "Kiti kirefu kampe mkeo!" Kisha ikaita: "We Twiga, nikigonga hapa unasikia?"

Kikasikika kijiko cha chai: ngo, ngo, ngo. Twiga akarukia chaki, akabandika sikio ubavuni mwa boti, akaitafuta sauti mpaka akaipata na kuizungushia duara.

"Hapa nitakaa nikishona. Na hapa" — ngo, ngo — "ndipo jiko, moshi wa vitunguu upate pa kutokea. Na hapa ndipo kwenye mto wangu."

Mahali pengine kijiko kilitoa sauti nzito, na Twiga akajua kimegonga taruma, yaani zile mbavu za chuma zinazoishika boti kwa ndani.

"Hapo hapatoboki! Sogea kulia!"

"Kulia kwako au kwangu?"

"Kulia!"

"Twiga, tumetazamana! Kulia kwa nani?"

Shemeji alicheka mpaka akashika magogo. Lakini alipoona chaki iko juu, chini, katikati, kicheko kilimwisha.

"Sasa mstari wangu utapita wapi?"

"Utajua mwenyewe pa kuupitisha," Twiga alijibu, maana raha ilikuwa imeshamrudia.

Karakana nzima ilikuja kushangaa. Mlinzi wa geti aliuliza kama boti ilichorwa huku inakimbia. Twiga hakuwajali. Alikata kwa gesi, akapiga tupa kingo zote, akapaka rangi ya kuzuia kutu, akalaza mpira, akafunga fremu kwa bolti, akikaza hii kisha ya mkabala wake ili shaba isipinde. Mkewe alishika nati kwa ndani. Kila kipande cha chuma kilipodondoka, mwanga uliingia na uso wa mkewe ukatokeza tunduni, na kila mara Twiga alimwamkia kama mtu ambaye hawajaonana mwezi mzima.

Siku ya kujaribu, shemeji aliyaelekezea madirisha mpira wa maji kwa nguvu zote. Halikupita hata tone. Kwa ndani, dada yake alimtolea ulimi.

Hata hivyo neno la safari lilikuwa halijasemwa, na Twiga aliogopa kuliuliza. Alikuwa anafunga vifaa vyake, fremu moja ya mwisho akiitia guniani, kijiko kilipolia tena. Alibandika sikio. Sauti ilitoka kando ya dirisha la kushonea, lakini juu zaidi.

"Hapo ukikaa hufiki, mama."

"Kwani nimesema ni pangu? Hapo ni pako, ukishavua viatu ukakaa karibu yangu. Nilikupima nyumbani ulipokuwa unakula. Au ulidhani nitakaa nikikusimulia njia nzima?"

Alichora harakaharaka, duara likatoka kama yai. Alilifuta kwa kiganja, huku anacheka na macho yamejaa machozi.

"Chora basi," alisema mkewe. "Unatuchelewesha kuondoka."